Wagonjwa Wapo, Nafasi Hakuna

Sisi tunaosomea uuguzi katika chama hiki hatuzidi kumi, na tulipoanza tulipongezwa kwa maneno yale yale: mmechagua vizuri, nesi hakosi kazi. Wazazi walisema hivyo Mombasa, mashangazi wakasema hivyo Moshi. Hesabu yao ilikuwa rahisi: maradhi hayangoji uchumi utengemae, basi anayeuguza hawezi kukaa bure.

Nusu ya hesabu hiyo ni kweli. Uchumi ukiyumba wagonjwa hawapungui. Pengine huongezeka, maana mzee aliyezima hita ili apunguze bili ndiye anayeletwa Januari akikohoa. Kinachopungua ni fedha ya kumlipa muuguzi.

Hapa Uingereza tumeliona hilo wodini. Zamu ya mchana huanza saa moja asubuhi na kuisha saa moja na nusu usiku, ila ni nadra kumwona mtu akitoka saa moja na nusu. Muuguzi akistaafu au akihama, nafasi yake huachwa wazi na wagonjwa wake hugawiwa waliobaki. Hakuna aliyefukuzwa, kwa hiyo kwenye makaratasi hakuna ajira iliyopotea. Zamu za kibarua, ambazo wengi wetu tulizitegemea kulipia chumba, ndizo zilizokatwa kwanza. Mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Zamani hofu ilikuwa kuzizidisha, siku hizi shida ni kuzipata. Wakati huohuo zipo saa 2,300 za mafunzo kwa vitendo, ambazo kila mwanafunzi wa uuguzi lazima azitimize bila mshahara. Kwa hiyo hatukosi saa za kazi. Tunakosa saa za malipo.

Wenzetu wa Kenya walilijua hili mapema. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kwa karibu miezi mitano wakidai malipo bora. Julai 2021 Kenya ikatia saini makubaliano na Uingereza ili wauguzi wake waliokosa ajira waje kufanya kazi huku. Tufikirie kidogo: muuguzi amekaa nyumbani na cheti chake, na hospitali ya kaunti iliyo jirani ina nesi mmoja anayekesha na wodi nzima. Hali hiyo huitwa uhaba wa wauguzi. Sisi tunaona neno hilo linapotosha. Wauguzi wapo, mishahara ndiyo haba.

Sasa kimbilio lenyewe limeanza kubana. Mwaka 2025 wahitimu wa hapahapa England walilalamika kwamba hawapati nafasi, hata serikali ikalazimika, mwezi Agosti, kutangaza mpango wa kuwahakikishia kazi. Mgeni anayehitaji mwajiri wa kumdhamini viza anajua atasimama wapi kwenye foleni hiyo. Na nyumbani bado wanaamini nesi hakosi kazi, na ada za wadogo zetu zimepangwa kwa imani hiyo.

Wanne kati yetu tunamaliza Septemba. Tumekubaliana kutumiana kila tangazo la kazi tutakaloliona, hata lile ambalo aliyeliona analiomba mwenyewe.