Wasafiri wa Mwisho wa Kaskazi

Kwa watu wa nchi za baridi, Februari na Machi ni miezi ya kungojea. Theluji huanza kuyeyuka, na wapenzi wa ndege hutoka na darubini zao wakitaraji kumwona ndege adimu anayepita njia, au yule wa kwanza kurejea. Sisi wa Pwani hatuijui theluji, lakini majira hayo hayo twayaona kwa upande wake wa pili. Ndege anayengojewa kule ndiye anayetuaga huku. Kaskazi inapolegea na maleleji kuingia, hori ya Mida, baina ya Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke, huwa kama bandari ya zamani siku za kutweka tanga.

Sisi tunaoyaandika haya ni Mama, mabinti zake wawili na mkaza mwanawe, wa nyumba moja iliyo karibu na hori hiyo. Baada ya alasiri, maji yakiwa yamekupwa, twashuka hadi penye mikoko. Wenye kustaajabisha katika siku hizi ni vitwitwi. Walipokuja Septemba walikuwa wa kijivu, hata mtu huwapita asiwatazame. Sasa wamo katika kubadili nguo. Yule mwenye mdomo mwembamba uliopinda, ambaye huzalia Siberia karibu na ncha ya dunia, kifua chake huwa chekundu kama tofali, na wengine hutoka na mabaka ya kutu yanayozidi kukolea kila bamvua. Wanakula mchana, wanakula na usiku, madhali maji yamekupwa, kwa kuwa mafuta wanayoyaweka mwilini ndiyo masurufu yao ya safari.

Wazee wetu wa bahari walikuwa na hesabu ya Nairuzi, siku zikihesabiwa kwa miongo, kumi kumi, ili ijulikane lini chombo kitweke na lini kivutwe pwani. Ramadhani huzunguka: hutukuta katika kusi, hutukuta katika mvua, na miaka hii imetukuta katika joto la mwisho wa kaskazi. Ndege hawa hawazunguki. Hesabu yao ni ya jua, na majahazi ya Ghuba yaliyokuwa yakija na kaskazi kuleta tende, kisha yakarudi na kusi yamesheheni boriti za Lamu, yalisafiri kwa kalenda hiyo hiyo. Nyumba nyingi za zamani za Kuwait ziliezekwa kwa boriti za mikoko yetu. Tumelitaja jambo hili kwa sababu ndege tumpendaye kuliko wote ana kwao huko.

Huyu ni ndege mla kaa. Ni mweupe pe, mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mnene mweusi usiofanana na wa kitwitwi yeyote, kwani ni mdomo wa kuvunjia gamba. Watu hutoka Ulaya kuja Mida ili wamwone yeye. Hazai huku. Huzalia katika visiwa na fukwe za mchanga za Ghuba, Bahari ya Shamu na pwani ya Somalia. Mojawapo ya visiwa hivyo ni Bubiyan, cha Kuwait. Badala ya kutaga juu ya ardhi kama ndugu zake wa pwani, huchimba shimo refu mchangani, akataga humo yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga humsaidia kulitunza anapokwenda malishoni. Mtoto huyo mmoja hufuatana na mzazi wake hadi huku kwetu, na kwa miezi mingi bado humlilia chakula, ingawa manyoya yameshakamilika na amekwisha kusafiri maelfu ya kilomita kwa mbawa zake mwenyewe. Mama huwacheka. Husema mtoto wa pekee hafundishwi njaa, na hapo hututazama sisi, ambao hatukuwa wa pekee.

Dada yetu mdogo yuko Kuwait mwaka wa pili huu, kazi za nyumbani. Wakala aliyempeleka alimwahidi likizo baada ya mwaka mmoja. Likizo haikuja, na simu hupigwa pale anapopewa ruhusa. Mwaka jana, mwezi wa Aprili, alituma ujumbe mfupi wa sauti. Wenye nyumba waliwapeleka watoto wao ufukweni, naye akafuatana nao, na maji yalipotoka akawaona wawili, weupe, migongo myeusi, wakikimbilia kaa. "Mama, ndege wenu wamefika," akasema. Mmoja wetu alitaka kueleza kwamba si lazima wawe wale wa Mida, kwamba hata watafiti wanaowavisha vitwitwi pete miguuni hawawezi kujua ndege katoka wapi mpaka pete isomwe. Mama akamkatiza. "Amesema wamefika. Basi wamefika."

Mwaka huu, tulipokuwa twamalizia sita ya Shawwal, alitokea mgeni mwingine, na huyo ndiye aliyetuvurugia mashauri ya nyumba. Kijana wa jirani, ambaye huwaongoza wageni kwenye daraja la mikoko (ada ya daraja hilo husaidia karo za watoto wa skuli za upande huu), alikuja kuteka maji akasimama ghafula penye vichaka vya nyuma ya kisima. Alituonyesha ndege mdogo, rangi ya majani makavu mgongoni, cheupe tumboni, mstari mwembamba mweupe juu ya jicho, mdomo mrefu. Kusema kweli si ndege wa kumgeuzia mtu shingo. Kijana alishusha sauti akatuambia ni ndege wa matete wa Basra.

Mama aliitua ndoo. Basra kwake ni mji wa Bibi Rabia na Imamu Hasan, mji wa darsani, na hakupata kudhani kuna kiumbe anayetoka huko akaja kulala katika mkwamba wetu.

Habari za ndege huyu ni za huzuni. Makwao ni mabwawa ya kusini mwa Iraq, palipo na matete marefu kuliko nyumba, na watu wake hujenga kwa matete hayo hayo hata kumbi za wageni. Baada ya maasi ya 1991, serikali ya Saddam Hussein iliyakausha mabwawa kwa mifereji na matuta ili wenyeji wasipate pa kujificha. Kufikia mwanzo wa karne hii, sehemu tisa katika kumi zilikuwa zimekwisha. Mwaka 2003 wenyeji wenyewe waliyabomoa matuta, maji yakarudi, na matete yakaota tena kwa sehemu. Mwaka 2016 UNESCO iliyaingiza mabwawa hayo katika urithi wa dunia. Ukame na mabwawa ya umeme ya juu ya mito vinayanyima maji mpaka leo. Ndege anayepima gramu 15 hadi 20 amehesabiwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Miezi ya baridi hukaa Afrika ya Mashariki, katika mabonde kama ya delta ya Mto Tana, na kila mwaka huivuka takriban kilomita 3,800 baina yetu na Basra.

Sasa mashauri yenyewe. Kiwanja cha nyuma ya kisima ni cha urithi, na fungu kubwa ni la Mama. Ami yetu alikuwa amekwisha kumpata mpangaji wa kujenga vibanda vya biashara, mwenye kutoa kodi ya mwaka mzima mbele. Fedha hizo zingetosha kulipa gharama ambazo wakala anadai ili mkataba uvunjwe, na tiketi juu yake. Sharti lilikuwa kiwanja chote kifyekwe kabla masika hayajashika. Tulilala usiku tatu tukizungumza. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema kichaka ni bora kuliko dada yetu, wala asingethubutu mbele ya Mama. Lakini Mama ndiye aliyekataa kufyeka. Alimwambia Ami, kwa adabu na bila kuinua macho, kwamba binti yake amekaa miaka miwili katika nyumba za watu, na yeye anajua mgeni huhitaji nini usiku. Ami alisema hayo ni maneno ya wanawake. Mama akajibu kwamba fungu nalo ni la mwanamke.

Mpangaji alikubali upande wa barabarani tu, kwa kodi pungufu. Zilizobaki tumeziziba kwa bangili mbili za Mama na mchezo wa kina mama wa mtaa, ambao walimpa zamu ya kwanza bila kupiga kura. Ndege wa Basra hatukumwona tena baada ya siku ya nne. Wala kaa walibaki kumi na mmoja Alhamisi iliyopita, na leo ni saba.

Tiketi ya dada yetu ni ya mwezi wa Septemba. Kiwanja cha mbele kimeshapimwa, na kamba ya fundi imepita hatua kumi na nane kutoka kichakani, tumezihesabu wenyewe.