Mchanga wa Kunduchi

Ufuo wa Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, haukuumbwa na bahari peke yake. Mchanga wake uliletwa na mito midogo, Tegeta na Mbezi miongoni mwao, iliyouzoa bara kila masika na kuumwaga pwani. Pepo zilimalizia kazi: kusi iliusogeza upande wa kaskazini, kaskazi ikarudisha sehemu yake. Waliokulia kijijini hapo kabla ya miaka ya 1970 wanakumbuka ufuo mpana, mashua zikikaa pakavu hata wakati wa bamvua.

Kisha mji ukapanuka. Nyumba zilitaka zege, zege ikataka mchanga. Malori yakaingia mitoni na kubeba ule ambao ungefika pwani. Nje huko, baruti za wavuvi zilivunja matumbawe yaliyopunguza nguvu za mawimbi, na mengine yalichimbwa yakachomwa chokaa. Soko la zamani la samaki likaporomoka. Hoteli ya Africana nayo ililiwa na maji, ikaachwa. Leo jina lake liko zaidi midomoni mwa makondakta wa daladala, kwa kuwa kituo kingali kinaitwa hivyo.

Wenye hoteli zilizobaki walijenga kuta fupi za mawe zinazochomoza baharini. Zilifanya kazi, na hapo ndipo penye ugomvi. Ukuta wa namna hiyo hauzalishi mchanga, huzuia tu unaopita. Wakati wa kusi, upande wake wa kusini hujaa na ufuo wa jirani wa kaskazini hukonda, naye hulazimika kujenga wa kwake. Ukuta unaofuata ufuo una kasoro nyingine: huokoa kiwanja, lakini wimbi likiupiga na kurudi huchimba mchanga ulio mbele yake. Kando ya barabara ya Barack Obama, katikati ya jiji, hasara hiyo inavumilika, maana kinacholindwa ni barabara. Kwa kijiji kinachoanika dagaa na kupandisha mashua, ufuo wenyewe ndio mali.

Mikoko hutajwa sana kama dawa. Inafaa horini, penye tope. Kwenye mchanga wazi miche hung'olewa na mawimbi. Inabaki mito. Uchimbaji wa mchanga hupigwa marufuku, ukatulia, ukarudi, kwa sababu jiji bado linajenga na mchanga wa karibu ni nafuu kuliko wa mbali.