Pilipili ikae kando ya chungu

Wiki hii tunazungumza juu ya pilipili.

Sisi tunaopika kwenye nyumba za mama mkwe tunajua kwamba pilipili ni heshima. Sombe isiyowasha inaitwa chakula cha wagonjwa, na mpishi wake anasemwa. Kwa hiyo tunatia pilipili nyingi chunguni, baba anafurahi, na mtoto wa miaka mitatu anaonja mara moja tu, analia, halafu analala na bugali peke yake tumboni. Ndani ya ile sombe ndimo mlimokuwa karanga na samaki wa Lualaba. Mtoto amekosa chakula chenyewe.

Hatusemi tuache pilipili. Nani angekubali? Kuna ile ndogo, nyembamba, inayosimama wima mtini. Ndege wanaila bila kuwashwa, wanaangusha mbegu, nayo inaota nyuma ya nyumba bila kupandwa. Watanzania wanaiita pilipili kichaa. Hiyo ni nzuri kuanika na kusaga. Kuna na ile nene yenye mikunjo, nyekundu au ya manjano, wanayoiita pilipili mbuzi. Hiyo inanukia vizuri zaidi ikiwa mbichi. Zote mbili asili yake ni Amerika, lakini leo nani atatuambia si zetu?

Tunachoomba ni hiki: chungu kiive bila pilipili, nayo ipikwe kando. Twanga pilipili pamoja na chumvi na kitunguu, kaanga polepole katika mawese mpaka maji yakauke, kisha kamulia ndimu. Tengeneza ya siku mbili au tatu tu, isiharibike. Ukitaka ipungue ukali, toa ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Ukali mwingi umekaa humo.

Ukali wa pilipili hauyeyuki katika maji, unayeyuka katika mafuta. Ndiyo sababu mawese yanaubeba vizuri, na ndiyo sababu maji hayamsaidii mtoto aliyewashwa. Mpe maziwa, au karanga iliyosagwa laini. Na wewe uliyetwanga, jipake mafuta mikononi, kisha nawa kwa sabuni, kabla ya kumshika mtoto mchanga.

Jambo jingine tunalisema wazi: pilipili haipakwi machoni mwa mtoto kuwa adhabu. Inaumiza jicho, na mtoto hajifunzi kitu ila kumwogopa mama yake.

Wazee watasema mtoto azoee. Atazoea, tena mapema, akiona wakubwa wanajichotea na yeye akaomba kidogo kwenye ncha ya kidole. Mama mkwe naye hapungukiwi kitu: kibakuli kiwekwe mbele yake, yeye wa kwanza kuchota. Heshima yake inabaki, na watoto wanamaliza sombe.