Tulibishana juu ya kisu, Mama tukamsahau

Mpenzi msomaji, iwapo mama yako ameanza kuacha chakula nusu sahani akisema ameshiba, tafadhali usimcheke, wala usimwambie kwamba huo ni uzee tu. Mimi nilimcheka mamangu. Ndiyo sababu nimeketi leo kukuandikia.

Ilikuwa Novemba 2016. Mama alikuwa ametoka kwetu Taita kuja kututembelea hapa Nairobi, mtaani Umoja. Alikuwa na umri wa miaka 58. Mke wangu alipika wali kwa kuku, chakula ambacho Mama hakuwahi kukikataa, naye akala vijiko vitatu na kuisukuma sahani kando. Nikamtania kwamba siku hizi anakula kama bibi harusi.

Usiku huo mke wangu aliniambia jambo ambalo Mama asingethubutu kumwambia mwanawe wa kiume. Sketi yake ilikuwa imefungwa kwa pini kwa sababu tumbo lilikuwa limefura, na haja ndogo ilikuwa ikimwamsha mara tano kwa usiku mmoja. Kwa miezi mitano alikuwa ametibiwa madonda ya tumbo, kisha homa ya matumbo. Kule kijijini walikuwapo hata walionong'ona ati mjane yule ana mimba.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini Mama hakuficha! Alikuwa amekwenda zahanati mara nne. Isitoshe, mwaka uliotangulia alikuwa amepimwa mlango wa kizazi, akaambiwa yu salama, nasi sote tukatulia. Sikujua wakati huo kwamba kipimo kile hutafuta saratani ya mlango wa kizazi pekee. Hakioni kinachotendeka katika ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai vilivyo kandokando ya mji wa mimba.

Picha ya ultrasaundi ilionyesha uvimbe na maji tumboni. Skani ikafuata, kisha kipande cha nyama kikapelekwa maabara. Jibu lilikuwa saratani ya ovari, nayo ilikuwa imekwisha kutapakaa katika utando wa ndani ya tumbo.

Daktari wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alitueleza mpango wake. Mama angetiwa dawa za saratani mshipani, zile ambazo wengi huziita kemo, mara tatu, kila baada ya siku 21. Kisha angepasuliwa. Halafu angetiwa dawa mara tatu tena.

Hapo ndipo vita vilipozuka, msomaji wangu.

Mjomba, ndugu mkubwa wa Mama, alisafiri usiku kucha kutoka nyumbani. Alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa shamba la ekari mbili, na hospitali moja ya kibinafsi ilikuwa tayari kumpasua Mama juma lililofuata. "Mwizi akiwa ndani ya nyumba, hutolewa kwanza," alisema. "Nyinyi mnataka kumlisha dawa?" Dada zangu walikuwa upande wake. Mimi, kifungua mimba, nilikuwa sijui niegemee wapi. Kusema kweli, hata mimi niliona kwamba daktari aliyeahirisha kisu alikuwa amekwisha kukata tamaa.

Nilirudi kwake nikiwa na Mjomba. Hakukasirika. Alituuliza tuwaze punje za wimbi zilizomwagika juu ya blanketi. Zikiwa chache utaziokota moja moja. Zikiwa zimeenea kote na kunasa katika nyuzi, utaokota mpaka uchoke na nyingine zitabaki. Katika saratani hii, alisema, kinachobaki baada ya upasuaji ndicho chenye uzito mkubwa. Mgonjwa ambaye hakuachiwa uvimbe unaoonekana kwa macho huwa na matumaini zaidi ya yule aliyeachiwa. Dawa zikitangulia, zile punje hupungua na kunywea, maji tumboni hukauka, mgonjwa hupata nguvu, na mpasuaji huweza kusafisha vyema zaidi.

Akatuambia kwamba hayo hayakutoka kichwani mwake. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa hasa Ulaya, ambapo wagonjwa 670 waligawanywa kwa kura. Baadhi walianza kwa kisu, wengine wakaanza kwa dawa. Waliishi muda unaokaribiana sana, lakini walioanza kwa dawa walipata madhara machache ya upasuaji, na waliofariki katika majuma manne baada ya kupasuliwa walikuwa wachache zaidi. Mwaka 2015 utafiti mwingine, wa wanawake wapatao 550 huko Uingereza na New Zealand, ulifikia jambo hilo hilo.

Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sijalisahau: "Na hao wanawake walikubali vipi kupigiwa kura?"

Daktari akamjibu kwamba walielezwa, wakatia sahihi. Walijua hakuna aliyekuwa na hakika ni njia ipi bora, na kwamba bila wao hakuna ambaye angejua. Huenda wengi wao hawako duniani leo, alisema, lakini ndio wanaotuelekeza sasa hivi tukiwa tumeketi hapa.

Mjomba alitaka pia kujua dawa zenyewe ni nini. Akaelezwa kwamba moja, paklitakseli, ilipatikana mara ya kwanza katika ganda la mti mmoja wa Marekani. "Kumbe nao wana mitishamba yao!" akasema, na kwa mara ya kwanza tukacheka. Nyingine, kaboplatini, hutokana na madini ya platinamu. Historia yake ilianza 1965, wakati mwanasayansi Barnett Rosenberg wa Michigan, Marekani, alipopitisha umeme katika maji yenye bakteria akaona zimeacha kugawanyika. Kilichozizuia hakikuwa umeme, bali ile platinamu iliyotoka katika vyuma vyake. Kutokana na hapo zikapatikana dawa za kuzuia chembe za saratani zisizaane.

Tulirudi nyumbani tukiwa bado tunajadiliana. Mama alikuwa ameketi pembeni akisuka kikapu cha mkonge. Alitusikiliza hadi tukachoka, ndipo akasema polepole: "Mmezungumza juu ya tumbo langu majuma mawili sasa. Hakuna aliyeniuliza."

Tuliinamisha vichwa, msomaji. Ilikuwa kweli tupu.

"Nitaanza na dawa," akasema. "Na shamba lisiuzwe lote."

Alianza Desemba. Nywele zilimtoka, akawa anajifunga kilemba. Kichefuchefu kilimwandama siku tatu nne kila alipotoka hospitalini. Lakini tumbo lilirudi, na kufikia Februari 2017 alikuwa akimaliza sahani yake. Machi akapasuliwa. Walitoa ovari, mji wa mimba na ule utando wenye mafuta unaofunika matumbo, na daktari akatuambia hakuona uvimbe wowote aliouacha. Akamaliza dawa zilizosalia mwezi Juni. Tuliuza nusu ekari.

Dawa zile zilimwachia ganzi vidoleni. Mama, aliyekuwa akisuka gizani bila kutazama, sasa hakuweza kuusikia uzi wa mkonge. Kikapu alichokuwa akisuka siku ile alikimalizia kwa macho, na upande mmoja umepinda. Ndicho tunachowekea vitunguu jikoni kwetu.

Sitakudanganya, mpenzi msomaji. Saratani ya ovari ikikwisha kuenea ina tabia ya kurudi, na ya Mama ilirudi katikati ya 2019. Alitibiwa tena. Alituaga Septemba 2020, karibu miaka minne baada ya ile sahani ya wali. Katika miaka hiyo alimwoza kitinda mimba wetu, akampeleka mjukuu wake kidato cha kwanza, na akapatana na dada yake waliyekuwa hawasemezani. Mtu asikuambie kwamba hiyo si kitu.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia habari hizi kama wengine wafuatiliavyo kandanda. Mwaka 2019 utafiti wa wanawake 647 ulionyesha kwamba kuondoa tezi za limfu zinazoonekana kuwa salama hakumwongezei mgonjwa maisha, bali humwongezea madhara. Kukata zaidi si lazima kuwe kutibu zaidi. Na mwaka 2025 yakatolewa matokeo ya utafiti wa wanawake 688 katika hospitali zenye wapasuaji mabingwa. Huko, walioanza kwa kisu walikaa muda mrefu kidogo zaidi kabla ya ugonjwa kurudi, ingawa tofauti ya muda wa kuishi haikuwa kubwa kiasi cha kuwa na hakika nayo. Kwa hiyo Mjomba hakuwa mjinga. Swali lake ni swali ambalo mabingwa nao wanalipima hadi leo, na jibu hutegemea nguvu za mgonjwa, jinsi ugonjwa ulivyoenea, na ustadi wa mikono itakayoshika kisu.

Basi, ikifika zamu yako, usiogope kuuliza. Mbona tuanze na hiki na si kile? Umefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi? Unatarajia kuacha nini ndani? Daktari mzuri hakasiriki. Dada na mabinti wa mgonjwa nao waulize kuhusu urithi, kwani kuna familia ambamo hatari hii hupitishwa katika damu.

Lakini kabla ya hayo, mtazame mama yako leo mezani. Hakuna kipimo cha kuwapima wanawake wote wasio na dalili ambacho kimethibitishwa kupunguza vifo vya saratani hii. Utafiti wa wanawake zaidi ya 200,000 huko Uingereza, uliotolewa 2021, ulijaribu na haukufaulu. Tulicho nacho ni dalili: tumbo kufura, kushiba upesi, maumivu ya nyonga, kukojoa mara kwa mara. Mara nyingi dalili hizi huwa ni za maradhi madogo tu. Lakini zikiwa ngeni kwake na zikaendelea kwa majuma mawili au matatu, mpeleke hospitalini, na uulize kama ovari zimetazamwa.

Kisha mwulize yeye mwenyewe anataka nini. Sisi tulichelewa kwa majuma mawili kumwuliza, na kwa miezi mitano kumsikia.