Kazi Yangu ya Kutengeneza Hadithi za Ajabu

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaandikie wanafunzi habari za kazi yangu, nami nimekubali kwa furaha, maana ni katika kurasa hizi hizi za Kiswahili nilikoona jina langu limepigwa chapa kwa mara ya kwanza. Kazi yangu ni kutengeneza hadithi za watu wengine kabla hazijachapwa, hasa hadithi za sayansi na za maajabu: za vyombo viendavyo kwenye nyota, za mashine zenye akili, za milima isemayo na watu wageukao ndege. Nikiwaeleza watu wa kwetu Busia, hucheka. Mjomba wangu aliniuliza, "Uongo nao wahitaji fundi?" Nikamjibu, "Ndio uhitajio fundi hasa, Mjomba. Kweli hujisimamia yenyewe."

Kazi yenyewe ni hivi. Hadithi ikinifikia naisoma mara tatu. Mara ya kwanza nasoma kama msikilizaji tu, bila kalamu mkononi. Mara ya pili natafuta sheria yake, kwani kila hadithi ya ajabu ina sheria. Mwandishi akisema kwamba watu wa nchi fulani hawana vivuli, basi wasiwe na vivuli hata ukurasa wa mwisho, ijapokuwa kivuli kingemfaa sana kumfichia mwizi wake. Mara ya tatu ndipo natazama lugha, nukta na herufi.

Nitoe mfano. Ninyi nyote mwajua kwamba jina la boda-boda lilizaliwa kwetu mpakani, katika miaka ya 1960 na 1970, wakati wenye baiskeli walipokuwa wakiwavusha wasafiri kutoka kituo cha nchi moja hata kituo cha nchi ya pili. Mwandishi mmoja aliniletea hadithi ya boda-boda zinazoruka angani, nazo hazitumii petroli bali vumbi la saruji la Tororo. Ilikuwa nzuri, walakini nilimwandikia maswali mawili pembeni. La kwanza: kama zinaruka, kwa nini abiria wangali wanapanga foleni forodhani? La pili: mvua ikinyesha, saruji hufanya nini? Alikaa kimya wiki mbili. Alipoirudisha, alikuwa ameweka mpaka angani pamoja na askari wake, na katika sura ya mwisho mvua kubwa ilinyesha na boda-boda zote zikaganda kuwa mawe njiani. Mimi sikuandika hata neno moja la sura hiyo. Niliuliza tu.

Msidhani hadithi za namna hii ni mali ya wageni. Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani, ambayo wajumbe wake walitumwa pande sita, juu na chini zikiwa mbili katika hizo. Katama Mkangi aliandika Walenisi mwaka 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa huingizwa katika chombo kimpeleke mbali na ulimwengu huu. Na hapa karibu, Dilman Dila, mwandishi na mtengenezaji wa filamu, ni mzaliwa wa Tororo. Kitabu chake cha hadithi za ajabu, A Killing in the Sun, kilitoka mwaka 2014.

Lakini mhariri ana nguvu kubwa, na nguvu hiyo yaweza kujenga ama kubomoa. Huko Marekani alikuwako John W. Campbell, aliyehariri gazeti moja maarufu la hadithi za sayansi tangu 1937 hata alipokufa mwaka 1971. Mwaka 1954 alichapa hadithi ya Tom Godwin juu ya chombo cha angani chenye mafuta ya kumtosha rubani peke yake, na ndani yake msichana amejificha. Yasimuliwa kwamba Campbell aliirudisha mara tatu, kwa sababu kila mara mwandishi alimtafutia msichana njia ya kuokoka, hali sheria ya hadithi ilikuwa haimruhusu. Hapo alikuwa fundi kweli. Naye Campbell huyo huyo alikataa riwaya ya Samuel Delany iitwayo Nova, iliyotoka mwaka 1968. Delany, Mmarekani mweusi, ameeleza kwamba sababu aliyoambiwa wakala wake ni kuwa wasomaji wasingeweza kujiona katika shujaa mweusi. Aliyeweza kufikiri nyota zote hakuweza kufikiri hilo.

Nilipoyasoma hayo nilimlaumu sana mtu yule. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kufanya kosa langu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikikusanya hadithi za wanafunzi wa pande zote mbili za mpaka ili nitoe kijitabu. Kijana mmoja wa shule yetu, wa kidato cha pili, aliniletea daftari lake. Hadithi yake ilikuwa juu ya lile jiwe kubwa la Tororo, tulionalo kutoka mbali sana. Alisema kwamba usiku wa giza jiwe hushuka kwenda kunywa maji katika Mto Malaba, na sheria yake ni moja tu: haliwezi kujongea likitazamwa na mtu. Basi bibi mmoja, akimtafuta mbuzi wake aliyepotea, alilikuta limevuka ng'ambo ya Kenya, limeinama mtoni, naye akalitazama. Likakwama. Kulipokucha watu wa Tororo hawakuliona jiwe lao, na huku ng'ambo maafisa walikuwa wakiliuliza hati zake za safari. Bibi akawasihi watu wote wafumbe macho kidogo tu, jiwe lirudi kwao. Wakakataa, maana watu wa kila upande walihofu kwamba wenzao watachungulia. Hadithi ikaishia hapo, jiwe bado limeinama.

Mimi nilisema, hii haina sayansi, wala haina mwisho. Nikaweka chombo cha angani chini ya jiwe. Bibi nikamgeuza mtaalamu kutoka Nairobi. Mbuzi nikamfuta, na mwisho nikatia mlipuko. Nikapeleka chapani bila kumwonyesha mwenyewe, nikiona fahari kwamba nimemsaidia mtoto. Kijitabu kilipotoka alikisoma amesimama mbele yangu, kisha akasema kwa adabu, "Ni hadithi nzuri, Mwalimu. Ni ya nani?" Nilicheka, nikadhani anatania. Hakuniletea hadithi nyingine tena.

Baadaye nilimkuta mpakani Busia, mtu mzima, wakala wa forodha, ana makaratasi ya malori mkononi. Tulisalimiana vizuri. Nikamwomba radhi, nikamwambia ningependa kuichapa hadithi yake kama alivyoiandika. Akanitazama. "Lakini nilikupa daftari lenyewe, Mwalimu. Sikuwa na jingine." Na daftari lile nililitupa pamoja na karatasi nyingine siku niliyohama nyumba. Haya niliyowasimulia hapa juu ndiyo yaliyobaki kichwani mwangu. Maneno yake mwenyewe yamepotea.

Tangu siku ile nimejiwekea kanuni tatu. Situpi nakala ya kwanza. Naandika maswali pembeni, siandiki majibu. Na hakuna hadithi iendayo chapani kabla mwenyewe hajaiona. Nanyi mlio shuleni nawasihi: andikeni nakala mbili, mpeni mhariri moja, na akibadili jambo muulizeni sababu. Kumheshimu mkubwa hakukuzuii kuuliza.

Yule ndugu amekubali kujaribu kuiandika upya. Ila asema kwamba mbuzi alikuwa na jina, na jina hilo ndilo lililokuwa neno la kwanza la hadithi. Halikumbuki, na bila hilo hawezi kuanza. Mimi pia silikumbuki. Alikuwa ameisoma hadithi hiyo darasani mbele ya wenzake kabla ya kuniletea. Kwa hiyo, kama kuna msomaji wa gazeti hili aliyekuwamo darasani siku ile, naye akakumbuka mbuzi yule aliitwaje, tafadhali na amwandikie mhariri.