Ukuta Uliopakwa Chokaa

Nyumba tunayopanga hapa Bukavu ni ya matofali, ina vyumba vitatu na mabati juu. Imejengwa chini ya mteremko, kama nyumba nyingi za mji huu. Tulipoingia ilikuwa kiangazi, na kuta zilikuwa nyeupe pe. Tukafurahi, tukalipa kodi ya miezi mitatu.

Mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha kila siku, tuliona madoa meusi nyuma ya kitanda cha watoto. Nguo zikanuka uvundo. Kitinda mimba wetu akaanza kukohoa usiku, kifua kikilia kama filimbi. Kwenye zahanati mwuguzi alimpa dawa ya pumu, kisha akatuuliza: «Baba, Mama, mtoto huyu analala wapi?» Swali hilo hatukulitazamia.

Tukamwendea mwenye nyumba. «Mzee, ukuta una koga.» Akajibu kwa upole: «Wanangu, hayo ni mambo ya mvua. Nitaleta chokaa.» Akaleta kweli, akapaka. Baada ya majuma matatu madoa yakarudi. Ndipo tulipoelewa kwamba weupe ule wa siku ya kwanza ulikuwa wa namna hiyo hiyo. Wazee walisema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Wala msidhani ni mambo ya kwetu tu. Mwezi wa Desemba 2020, mjini Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka 2 alikufa. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba koga ya nyumba yao ndiyo iliyomletea kifo. Baba yake aliwahi kulalamika, akaambiwa apake rangi juu yake. Mwaka 2023 Bunge la nchi ile lilipitisha sheria ya kuwalazimisha wenye nyumba za namna ile kutengeneza hatari kama hizo kwa muda uliowekwa.

Je, koga ni nini? Ni kiumbe cha jamii ya uyoga. Mbegu zake ni ndogo mno, zaruka hewani ndani na nje, wala hakuna nyumba isiyo nazo. Lakini pasipo maji haziwezi kuota. Basi, ukipaka chokaa na maji yangali yakiingia, umefunika macho yako tu.

Rafiki yetu mmoja, fundi mwashi, alituambia: «Msihangaike kupima koga, mmekwisha kuiona. Pimeni maji yanakotoka.» Baadaye tulisoma kwamba hata wakuu wa mazingira wa Marekani hushauri hivyo: koga ikionekana kwa macho, mara nyingi hakuna haja ya kuipima.

Kipimo chake ni rahisi. Kausha ukuta kwa kitambaa. Kata kipande cha plastiki, upana kama karatasi ya daftari, ukibandike pande zote nne pasipo kuacha upenyo. Ngoja siku mbili. Matone yakitokea nyuma ya plastiki, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakitokea mbele, upande wa chumba, yanatoka katika hewa mnayovuta.

Tulibandika viwili. Kwenye ukuta wa nyuma, chini ya mteremko, matone yalikuwa nyuma ya plastiki. Tukasema: «Unaona? Kosa la Mzee!» Lakini kile cha karibu na dirisha kilikuwa na matone mbele. Tukanyamaza. Mwalimu mmoja akatuazima higrometa, chombo kipimacho unyevu wa hewa: alfajiri kilionyesha 84 kwa mia. Wataalamu hushauri usipite 60.

Kumbe sisi nasi tulikuwa na letu. Kila jioni tuliingiza mbabula ndani, tukachemsha maharagwe saa nyingi, tukaanika nguo mbichi chumbani, tukafunga madirisha kwa ajili ya baridi, tukalala watu sita. Tena moshi wa makala una sumu isiyo na rangi wala harufu, iwezayo kuua watu usingizini. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu wapatao milioni 3.2. Nasi tulikuwa tukibishana juu ya chokaa!

Tukarudi kwa Mzee na plastiki zote mbili. «Mzee, hii ni yako, na hii ni yetu.» Alizitazama kitambo, kisha akasema: «Jumamosi nitakuja na jembe.» Akaja. Tulichimba pamoja mfereji nyuma ya nyumba, maji ya mteremko yakapata njia nyingine. Sisi tukapeleka mbabula nje, chini ya kibanda. Kitanda tukakivuta mbali na ukuta. Tukasugua madoa kwa maji na sabuni, pua na midomo tumeifunika, tukakausha vizuri. Godoro lililoota koga tukalitupa, ijapokuwa lilituuma. Madirisha sasa hufunguliwa kila siku jua likitoka.

Mtoto wetu angali na pumu yake, hatusemi amepona. Lakini usiku mwingi sasa analala hata asubuhi, nasi pamoja naye.

Basi ndugu, mkiingia nyumba mpya yenye kuta nyeupe, msitazame weupe tu. Nuseni. Gusa ukuta kwa mkono. Ulizeni maji ya mvua yanapita wapi. Tena, kabla ya kumshitaki mwenye nyumba, bandikeni plastiki mbili.