Mlima Tunaolala Chini Yake



Watu husafiri mbali ili wayaone maajabu ya dunia. Huvuka bahari wakasimame mbele ya piramidi za Giza, au watembee katika barabara za Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79. Sisi wa Goma tuna ajabu letu mlangoni, nalo tumelizoea kama mtu anavyozoea ukuta wa jirani. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Tutafakari basi pamoja: kuna maana gani kuliona ajabu kwa macho, ikiwa wewe si mgeni wake bali mwenyeji wake?

Mlima Nyiragongo una urefu wa mita 3,470. Kileleni pana shimo lenye upana wa zaidi ya kilomita moja, na kwa miaka mingi ndani yake lilichemka ziwa la lava. Mwaka 1948 mtaalamu wa volkano Haroun Tazieff alilitazama ziwa hilo, na habari zake zikaenea ulimwenguni. Baadaye wageni wakaja, wakapanda kwa miguu kutoka Kibati kwa muda wa saa tano hivi, wakalala ukingoni ili wautazame moto usiku. Waliowabebea mizigo walikuwa watu wa vijiji vya chini ya mlima. Wengi wetu hatukupanda kamwe, kwa kuwa kibali kiligharimu mamia ya dola. Tuliujua moto huo kwa wekundu wake mawinguni, tulipokuwa tukirudi nyumbani gizani.

Hata hivyo, mlima wenyewe umetushukia. Ulifanya hivyo tarehe 10 Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, kwa hiyo ni nyepesi kupita lava ya milima mingi, na hutiririka upesi mteremkoni. Wala haihitaji kufurika kutoka kileleni. Nyufa hufunguka ubavuni, na moto hutokea karibu na watu. Mwaka 2002 mto wa moto ulipita katikati ya mji wetu, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukateketeza maduka, nyumba na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha ukaingia ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi. Siku chache baadaye wengi walikuwa wamekwisha kurudi, wakikanyaga mawe ambayo bado yalikuwa na joto.

Pompeii ulifukiwa, na leo watu hulipa ili wautazame ukimya wake. Goma ulifukiwa ukajengwa juu ya kaburi lake mwenyewe. Kuta za nyua zetu ni za mawe yale meusi yaliyotuangamizia nyumba. Misingi ya nyumba zetu ni hayo hayo. Chukudu zinazoteremka na mizigo ya viazi, maharage na kabichi hubeba mazao ya udongo uliorutubishwa na majivu ya milima hii. Mlima uliotunyang'anya ndio unaotulisha. Hatujui sehemu nyingi duniani ambako mtu anaweza kuugusa ukweli huo kwa kiganja chake, kila asubuhi, anapofungua lango la ua.

Kuna pia yasiyoonekana kwa macho. Katika mabonde na mashimo ya upande wa Sake hukusanyika hewa ya kaboni itokayo ardhini. Haina rangi, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama chini na kuua mbuzi, kuku, hata mtoto anayecheza mahali pa bondeni. Watu wa hapa huiita mazuku. Wanasayansi wa nchi nyingine walipokuja kuichunguza, waliliazima neno hilo, na leo wanaliandika katika vitabu vyao. Aliyelitunga hakuwa mtaalamu wa chuo. Alikuwa mtu aliyetazama, akakumbuka, akamwonya jirani.

Ndivyo lilivyo na Ziwa Kivu. Usiku tunaona taa za wavuvi wa sambaza na kusikia nyimbo zao, na hakuna mandhari iliyo tulivu zaidi. Lakini ziwa hilo lina kina cha zaidi ya mita 470, na katika vilindi vyake imeyeyuka hewa nyingi ya kaboni pamoja na methani. Ziwa Nyos la Kameruni, lililo dogo mno kuliko letu, lilitoa hewa yake usiku mmoja wa Agosti 1986, likaua watu wapatao 1,700. Ng'ambo yetu, Rwanda, methani hiyo huvutwa na kuchomwa ili izalishe umeme. Hatari ile ile, ikitazamwa kwa makini, imekuwa taa.

Mwaka 2021 moto ulitoka Jumamosi jioni, mkesha wa Pentekoste. Lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama, kwa hofu kwamba moto ulikuwa umesogea chini ya mji na ziwa. Tulibeba magodoro na madumu ya maji, tukatembea kuelekea Sake, tusijue tutalala wapi. Tulilala katika madarasa na makanisa, na katika vyumba vya watu ambao hawakutuuliza kabila wala parokia. Siku hizo tulifundishwa kwamba chini ya mlima huu hakuna mwenyeji wa kudumu. Kila mmoja wetu ni mgeni wa kesho.

Miaka iliyofuata vita viliwaleta wengine kwetu, wakasimika mahema juu ya lava ya zamani kule Kanyaruchinya, mahali ambapo jiwe halikubali kigingi. Nayo Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, imo katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1994. Zaidi ya walinzi wake 200 wameuawa kazini. Ajabu hili lina gharama, na wanaolipa ni watu wa hapa.

Basi, vijana, tunawaomba mlitazame. Nendeni kwa makundi mpaka ukingo wa lava ya 2021 pale ambapo njia ni salama, mwekeni mikono juu ya jiwe. Waulizeni wazee moto ulipita wapi mwaka 1977 na 2002, mwandike majibu yao. Jifunzeni rangi za tahadhari ya volkano, mzifundishe nyumbani. Wajulisheni wadogo zenu mahali penye mazuku. Na kila jumuiya ijue mapema ni mzee yupi asiyeweza kutembea, na ni nani atakayembeba.

Mgeni huliona ajabu, akaenda zake na picha. Mwenyeji akiliona, anabaki na jirani wa kumwonya.